Hofu ya kukuza biashara: yanayosemwa na hesabu zake

"Ukikua, URA watakumaliza."

Maneno haya kuhusu URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, utayasikia kuanzia soko la Kikuubo jijini Kampala hadi Busia mpakani. Kodi ya biashara ndogo Uganda hufuata mauzo ya mwaka. Chini ya shilingi milioni 10 hulipi. Kutoka hapo hadi milioni 150, kwa viwango vya 2020, cha kuangalia ni daftari. Duka linalouza milioni 40 bila kumbukumbu hulipa 200,000 kwa mwaka. Likiwa na kumbukumbu hulipa 80,000 na nusu asilimia ya kinachozidi milioni 30, jumla 130,000. (Madaktari, mawakili na wakandarasi hawamo katika mpango huu.)

Mauzo yakivuka milioni 150 kwa mwaka, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inaanza, na hapo kuogopa kuna sababu. Usiponunua kwa wanaotoa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, huna VAT ya manunuzi ya kukata kwenye unayodaiwa, kwa hiyo mzigo wote unakula faida yako. Tafuta wasambazaji wa aina hiyo mapema, ukiwa kwenye milioni 120 hivi.

"Oda kubwa haikataliwi."

Hapa woga kidogo ungesaidia. Tuseme unaoka mikate na shule inataka ya 600,000 kila wiki. Unga, sukari, mafuta, hamira na mkaa vinachukua 420,000, unabaki na 180,000. Safi. Ila shule italipa mwisho wa muhula. Wiki 12 mara 420,000 ni 5,040,000 za kutoa mfukoni kabla hujaona senti. Mwenye mtaji wa milioni 2 anakwama wiki ya tano: shule ina deni lake la 2,400,000, na mwenye unga hataki tena kumkopesha.

Hata nusu ya oda inamzidi, maana inahitaji 2,520,000. Theluthi inatosha: 1,680,000. Au aombe kulipwa kila baada ya wiki 2, pengo lishuke hadi 840,000. Makubaliano yawe ya maandishi, yenye tarehe ya malipo na jina la anayeidhinisha. Mhasibu wa shule akibadilishwa katikati ya muhula, ahadi ya mdomo inaondoka naye.

"Ukiajiri utaibiwa."

Wizi upo, lakini kukaa dukani saa 14 kila siku hakuuzuii, kunakuchosha tu. Kinachouonyesha ni hesabu ya jioni: mali ya asubuhi, jumlisha iliyoingia, toa iliyobaki. Soda 48, kreti moja ya 24 imeingia, zimebaki 31, basi zimeuzwa 41. Kwa 1,500 kila moja ni 61,500, na lazima zilingane na taslimu, pesa za simu na madeni yaliyoandikwa. Pesa za simu ziingie kwenye namba ya malipo ya biashara, si kwenye simu ya muuzaji. Duka la bidhaa 300 halihesabiki lote kila jioni. Chagua 10 zinazotoka haraka, mengine uyahesabu mwisho wa mwezi. Fanyeni pamoja wiki 2 kabla ya kumwachia funguo.

Na mshahara usiusome nusu. Tangu 2022 kila mwajiri anawajibika kwa NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 yako, 5 inakatwa kwake. Mshahara wa 300,000 unakugharimu 330,000.

"Bila hati ya ardhi hupati mkopo."

Sheria ya 2019 inaruhusu pikipiki, cherehani, ng'ombe, hata mali ya dukani, viandikishwe URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kama dhamana. Si kila mkopeshaji hupokea, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia karatasi zozote. Rejesho lipime kwa faida ya mwezi wako mbaya kabisa. Kwa muuza nguo huenda ni Februari, ada za shule zikiwa zimemaliza mifuko ya wateja. Ukipima kwa Desemba utajidanganya.