Eti wakili wa haki za binadamu ni wa kutetea wahalifu? Hapana jamani

Kuna watu kila wakisikia wakili wa haki za binadamu wanasema huyo ni mtetezi wa majambazi, na mimi hii inaniuma sana juu sio kweli. Angalia tu Willie Kimani, wakili wa haki za binadamu wa hapa Kenya. Mteja wake Josephat Mwenda alikuwa mtu wa bodaboda, polisi wakampiga risasi 2015, akaenda kushtaki kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza makosa ya polisi, halafu yeye ndo akaanza kufunguliwa makesi. Sasa hapo mhalifu ni nani? Kimani alikuwa anamtetea mtu aliyeumizwa, tena bila kumlipisha maana shirika lake, IJM, linasaidia watu wasio na uwezo. Tarehe 23 Juni 2016 wakatoka korti ya Mavoko wakiwa na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wote watatu wakatekwa wakauawa, miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kesi ikaburuta miaka, mpaka Julai 2022 ndo maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao wakapatikana na hatia.

Na hata mshtakiwa wa kweli, Katiba ya 2010 kifungu cha 50 inampa haki ya wakili, kumtetea sio kuunga mkono alichofanya.