Vazi rasmi bungeni: nani analipima, na kwa kipimo gani

Kanuni ya mavazi ya bunge ni masharti yanayosema mtu avae nini anapoingia ukumbini, na mara nyingi anapokuwa popote ndani ya eneo la bunge. Wengi huichukulia kama orodha ya nguo zinazoruhusiwa na zinazokatazwa. Orodha ipo, lakini uzito wa jambo uko kwenye madaraka. Kanuni hii inampa aliyekalia kiti, yaani Spika au anayeendesha kikao kwa niaba yake, uwezo wa kuamua papo hapo kama mtu aliyechaguliwa na maelfu ya wananchi atakaa, atasema na kupiga kura siku hiyo, au atatoka nje akabadilishe nguo. Ndiyo maana suruali moja inaweza kusimamisha kikao kizima.

Masharti yenyewe hayakai mahali pamoja. Yapo yaliyoandikwa kwenye Kanuni za Kudumu, ambazo bunge lenyewe limezipitisha. Yapo yanayotokana na maelekezo na maamuzi ya Spika, ambayo yakishatolewa hutumika kama rejea kwa matukio yanayofuata. Halafu kuna desturi, yaani yale ambayo hayakuandikwa popote ila kila mmoja anayafuata mpaka siku atokee wa kuyavunja. Uingereza imeishi na desturi kwa muda mrefu sana. Mpaka mwaka 1998, mbunge wa House of Commons, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, aliyetaka kusimamisha jambo kwa hoja ya utaratibu wakati kura zinapigwa alitakiwa kuzungumza akiwa amekaa na amevaa kofia. Kwa kuwa kofia zilishatoka kwenye mitindo, ukumbi uliweka kofia za kukunjwa za kuazimana. Mambo ya namna hii yanachekesha ukiwa mbali, lakini yanaonyesha jinsi vazi lilivyofungamana na haki ya kusema.

Heshima inayodaiwa ni ya kiti na ya shughuli, wala si ya mtu aliyekaa juu yake. Vazi liko katika jamii moja na kuinamisha kichwa unapoingia au kutoka ukumbini, kusimama Spika anapoingia na siwa, ile rungu ya mamlaka ya bunge, ikitangulia mbele yake, kumwita mpinzani wako "Mheshimiwa" hata kama dakika moja iliyopita ulikuwa unamkejeli, na kuzungumza kupitia kwa Spika badala ya kumgeukia mwenzako. Yote hayo yana kazi moja: kupunguza joto baina ya watu wanaogombana kwa niaba ya wengine. Vazi lina kazi ya ziada ya kuzuia ukumbi usigeuke ubao wa matangazo. Ufaransa, Desemba 2017, mbunge François Ruffin alizungumza bungeni akiwa na jezi ya timu ndogo ya mpira wa miguu, akitetea kodi kwenye mauzo ya wachezaji ili vilabu vya ridhaa vinufaike. Alikatwa euro 1,378. Kosa halikuwa uchafu wala uchi. Alikuwa amevaa hoja yake.

Sasa tuangalie maandishi yenyewe, maana hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi. Kenya, sharti kwa mwanamume ni koti, shati lenye kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kazi kwa anayehusika. Hivyo ni vitu vya kuhesabu. Askari aliyesimama mlangoni anaweza kumaliza ukaguzi kwa sekunde tano: soksi zipo, tai ipo, pita. Kwa mwanamke lugha inabadilika. Sketi na gauni vivuke magoti na viwe vya heshima. Blauzi isiyo na mikono hairuhusiwi. Tanzania nako, kwa muhtasari, vazi la mbunge mwanamke liwe la heshima, lenye urefu wa kuvuka magoti, lisilobana na lisiloonyesha maungo ambayo kwa kawaida hufunikwa. Mwanamume ametajiwa nguo kwa majina: suti ya kimagharibi, suti ya Kiafrika au safari suti, kanzu.

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kanuni ya mwanamume inataja nguo. Ya mwanamke inataja mwili. Goti kila mtu analijua lilipo, kwa hiyo urefu unapimika. Lakini "lisilobana" halina kipimo. Linabana kwa nani? Kitambaa kilekile cha strechi kikivaliwa na mtu mwembamba kinapita, kikivaliwa na mwenye mapaja makubwa kinaitwa cha kubana, ilhali fundi ni mmoja na rula ni moja. Kinachopimwa hapo ni umbo la mvaaji na jicho la mtazamaji. Kwa maoni yetu, asilimia kubwa ya fedheha zinazotokea mabungeni zingeisha kama kanuni za wanawake zingeandikwa kama za wanaume, yaani kwa kutaja nguo na kuacha kupima maungo.

Tukio linalokumbukwa zaidi Dodoma ni la tarehe 1 Juni 2021. Hussein Amar, mbunge wa Nyang'hwale, alisimama akalalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake na kumwonyesha mmoja aliyekuwa upande wake wa kulia, aliyevaa blauzi ya njano. Huyo alikuwa Condester Sichwale, mbunge wa Momba, aliyekuwa pia na suruali nyeusi. Spika Job Ndugai alimwelekeza atoke, akavae vizuri, kisha arudi. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka naye, na baadaye kukawa na madai kwamba aombwe radhi. Suruali kwa mwanamke haikuwa marufuku yenyewe. Neno lililombeba au kumwangusha lilikuwa lile la kubana.

Utaratibu wa jambo kama hilo huenda hivi. Mbunge anasimama na kuomba mwongozo wa Spika, au anasimama kuhusu utaratibu na kutaja kanuni iliyovunjwa. Kenya wanaiita hoja ya nidhamu. Aliyekalia kiti ana njia tatu: kuamua hapohapo, kuahidi kutoa uamuzi baadaye, au kuitupa hoja. Akiamua hapohapo, anayelalamikiwa hutoka kwa hiari yake. Akikataa ndipo askari wa bunge huitwa, na hapo kosa linageuka sura. Mwanzo lilikuwa kosa la nguo, ambalo tiba yake ni kwenda kubadilisha na kurudi. Baada ya kukataa linakuwa kosa la kudharau mamlaka ya kiti, lenye adhabu zake, pamoja na kuzuiwa kuhudhuria vikao. Wakongwe wanalijua hili, ndiyo maana utawaona wanatoka kimya hata wanapoamini wameonewa, kisha wanaleta malalamiko yao kwa maandishi.

Hasara ya kutoka haionekani kwenye picha za magazeti. Swali la nyongeza ulilokuwa umejiandaa kuuliza linapita. Kama kura inapigwa, hesabu yako haimo. Na kwenye Taarifa Rasmi za majadiliano, jina lako siku hiyo linabaki limehusishwa na blauzi badala ya barabara ya jimboni.

Walalamikaji wenyewe hukosea pia. Kosa la kawaida ni kuunyanyua mwongozo bila kutaja kanuni, ukabaki umbea wenye kipaza sauti. Lingine ni kueleza mwili wa mwenzako ukumbini ili kuthibitisha hoja, ambalo lenyewe ni utovu wa staha mkubwa kuliko nguo inayolalamikiwa. Spika makini humwita mhusika pembeni, au hupitisha ujumbe kwa mnadhimu wa chama chake, yaani msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama, na jambo linaisha bila kamera.

Maamuzi ya kiti yanaweza kuongeza masharti ambayo hayakuwepo. Septemba 2018 Ndugai alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni, baada ya maelezo ya kiafya yaliyotolewa upande wa serikali na Naibu Waziri wa Afya Faustine Ndugulile. Hapo utaona jinsi hoja ya afya ilivyopita mlango wa heshima. Kope za bandia hazivuki goti wala hazibani, kwa hiyo zisingeweza kuzuiwa kwa kanuni ya zamani.

Nairobi nako, tarehe 14 Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na suti nyeupe ya suruali yenye doa jekundu. Alikuwa akifanya kampeni dhidi ya aibu inayowapata wasichana wakiwa kwenye hedhi. Wenzake walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke, abadilishe, kisha arudi, huku akisema kwamba kupata hedhi si kosa. Ni mfano mgumu, kwa sababu kanuni ilikuwa imenyamaza. Suruali ilikuwa ndefu, koti lilikuwepo, hakuna kilichobana. Kilichotumika ni lile neno la jumla, heshima, ambalo huachwa makusudi kwenye kila kanuni ili kukamata yale ambayo waandishi hawakuyafikiria.

Kuhusu vazi la Kiafrika, Afrika Mashariki haina jibu moja. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda, yaani zile za mtindo wa safari suti, na mavazi ya kiasili katika Bunge la Kenya, akisema mtindo huo mpya unatishia kanuni ya mavazi ya bunge. Wakati huo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amezoeleka akizivaa. Vuka mpaka uje Dodoma, safari suti imo kwenye kanuni kwa jina lake, na mzee kutoka Zanzibar anaingia na kanzu, koti na kofia bila mtu kugeuka. Kwa hiyo nguo moja ni ya heshima upande huu wa Namanga na si rasmi upande wa pili. Wanaotetea tai husema inaondoa ubishi, maana ukishafungua mlango wa vazi la asili utalazimika kuamua asili ya nani na ya namna gani. Hoja hiyo ina ukweli wa kiutendaji. Tatizo lake ni kwamba tai nayo ina asili yake, na kila mtu anaijua.

New Zealand walilimaliza hilo kwa haraka ya ajabu. Februari 2021 Rawiri Waititi, mmoja wa viongozi wa Chama cha Māori, alitolewa nje na Spika Trevor Mallard kwa kuvaa kidani cha jadi badala ya tai. Haikuchukua siku nyingi, ndani ya juma hilohilo tai ikaacha kuwa lazima. Uingereza, Spika John Bercow alikuwa ameshatamka mwaka 2017 kwamba mwanamume hahitaji tai ili apewe nafasi ya kusema, ingawa Lindsay Hoyle aliyemfuata alikaza tena mwaka 2021: koti ni lazima, tai inahimizwa, jinzi na fulana hazifai.

Kuna wanaovunja desturi kwa makusudi, na ni vema kuwatofautisha na waliopitiwa. Wabunge wa EFF, chama cha upinzani cha Afrika Kusini, waliapishwa Mei 2014 wakiwa na ovaroli nyekundu, wanawake wakiwa na mavazi ya wafanyakazi wa ndani. Ujumbe ulikuwa kwamba hawa ndio waliotutuma. Mwaka huohuo katika bunge la jimbo la Gauteng walitolewa nje kwa ovaroli hizohizo. Ukumbi unapomwadhibu mtu wa namna hii, unamsaidia kutangaza. Ukimwacha, kesho mwingine ataleta fulana ya kampuni. Hakuna Spika anayependa kuchagua kati ya hayo mawili.

Mwisho, ya kiutendaji, kwa mbunge mpya, mtumishi au mgeni wa jukwaani. Nguo ipimwe ukiwa umekaa. Sketi inayoishia chini kidogo ya goti ukiwa umesimama mbele ya kioo cha fundi itapanda ukikaa, na viti vya ukumbini ni vya kukaa saa nyingi. Mwambie fundi aache inchi tatu au nne chini ya goti, na mpasuo aweke nyuma, mfupi. Kitenge cha pamba hakishiki mwili kama strechi. Juu ya suruali, blauzi au koti lifike chini ya nyonga; hiyo peke yake huzima nusu ya malalamiko. Mtandio au koti jepesi ndani ya mkoba linakuokoa kama mikono ya gauni ni mifupi kuliko ulivyodhani. Wanaume hukwama zaidi kwa kukosa koti, kuvaa raba, au suruali ya mlegezo.

Wageni wasitegemee kwamba masharti ni ya wabunge tu. Jinzi, kaptura, kandambili, fulana zenye maandishi na sare za chama ni vitu vya kuacha nyumbani, na anayekukagua getini hana muda wa kubishana nawe wakati foleni ya wanafunzi iko nyuma yako. Watumishi wa serikali Tanzania wana masharti yao tofauti, Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007, na anayeongozana na waziri bungeni yuko chini ya yote mawili kwa pamoja.