Kimbunga si maafa

Nimelisikia tena, safari hii kwenye taarifa ya habari: "Maafa ya asili yanakaribia pwani." Jamani, kinachokaribia pwani ni kimbunga. Kama kitageuka maafa au la, inategemea kitawakuta akina nani na wamelala kwenye nyumba za namna gani.

Maana yenyewe ni fupi. Kimbunga, mafuriko, tetemeko: hayo ni matishio. Maafa ni hasara ya roho na mali inayowazidi nguvu waliopatwa. Basi.

Kinachonikera ni hilo "asili". Maafa tumeyatoa kwenye Kiarabu, afa, neno ambalo huko hutumika hata kwa wadudu na magonjwa yanayomaliza mazao shambani. Asili nalo limetoka hukohuko: shina, chimbuko. Ndiyo maana tunasema asili ya ukoo, asili ya ugomvi. Baadaye likabebeshwa na maana ya maumbile, na mkorogo ukaanzia hapo. Ukisema "maafa ya asili", msikilizaji anaelewa kwamba chimbuko la vifo ni upepo. Kazi ya Mungu, nani ataulizwa?

Sasa itazame Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1991 kingine kikaua karibu 138,000. Mwaka 2007 kikaja Sidr, nacho kikali kwelikweli, wakafa kama 3,400. Bahari ni ileile. Ila kulishakuwa na watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti, mpango ulioanza 1972, na majengo ya zege juu ya nguzo ambayo siku za kawaida ni shule.

Na vilima vya udongo ambako ng'ombe hukimbiziwa maji yakipanda! Watu hucheka nikivitaja. Lakini maskini onyo hulisikia vizuri tu. Habanduki nyumbani kwa kuwa ng'ombe ndiye akiba yake yote. Akifa ng'ombe, mwenyewe kapona, msimu ujao hana cha kulimia, anakopa kwa riba, mwisho anauza kipande cha shamba. Mpatie ng'ombe pa kusimama, naye atakuja. Kilima hicho tukiite kujiandaa kwa maafa au kupunguza umaskini? Mimi sioni mpaka kati ya hayo mawili.

Mtangazaji simwombi makubwa. Upepo ukiwa bado baharini, aseme "tishio la asili". Hapo neno limekaa mahali pake. Yakishatokea maafa, aseme "maafa" na kuweka nukta.