Je, wajua kwa nini keki ya ghorofa huteremshwa kabla ya kukatwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba keki ya ghorofa tatu ni mzigo unaobebwa na keki yenyewe: ya chini inaibeba ya kati, ya kati inaibeba ya juu. Niliamini pia kwamba mkataji hushuka na kisu kirefu kutoka kileleni hadi chini, kila mgeni akapata kipande chenye ghorofa zote. Si ajabu dhana hii kudumu. Wenye sherehe hukata kipande kimoja mbele ya kamera, keki hupelekwa jikoni, kisha hurudi ikiwa vipande kwenye sahani. Kazi yenyewe wengi wetu hatuioni.

Ukweli ni kwamba keki ya chini haijabeba kitu. Sponji, yaani keki laini ya kawaida, ni vipovu vingi vya hewa vilivyozungukwa na kuta nyembamba za unga na yai. Itwishe keki ya kilo mbili au tatu, nayo itabonyea, krimu iliyo kati ya matabaka yake itabanwa na kutokea pembeni, na mnara utaanza kuinama, hasa penye joto linalolainisha siagi.

Mzigo unabebwa na vijiti vilivyofichwa ndani. Chukua mto wa kulalia, uulaze sakafuni, kisha panga vitabu juu yake: mto utadidimia na vitabu vitaporomoka. Sasa fikiria stuli ndogo ambayo miguu yake ina urefu sawa na unene wa mto, na miguu hiyo iweze kuupenya hadi igote sakafuni. Panga vitabu vilevile juu ya stuli. Mto uko palepale, umeizunguka miguu, lakini uzito wote unapita miguuni na kuishia sakafuni.

Ndivyo keki ilivyo. Kila ghorofa hukaa juu ya kadibodi yake ngumu, ambayo ndiyo kiti cha stuli. Miguu ni vijiti vya mbao au plastiki, wakati mwingine mirija minene, vilivyochomekwa wima katika keki ya chini na kukatwa usawa wa uso wake. Usawa huo hauna mzaha. Kijiti kimoja kikizidi kwa milimita chache, ghorofa ya juu huegemea upande. Kikipungua, keki inarudi kubeba mzigo. Kwa hiyo mwokaji hupima kimoja, kisha hukata vyote kwa kipimo hicho. Idadi yake hufuata mazoea tu: kadiri keki ya juu ilivyo pana na nzito, ndivyo vijiti vinavyoongezwa. Kijiti kirefu kinachopita katikati ya ghorofa zote huzuia zisiteleze safarini, wala si kila mwokaji hukitumia.

Hata hivyo, dhana yangu ya zamani haikuwa bila msingi kabisa. Keki nzito ya matunda makavu, iliyofunikwa kwa sukari inayokauka na kuwa ngumu, huvumilia uzito kuliko sponji. Keki ya matunda ya harusi ya Princess Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, London, mwaka 1947, ilikuwa na ghorofa nne na kimo cha takriban mita 2.7. Ukiikosea sponji kwa kuifananisha na keki ya namna hiyo, utaokota makombo.

Ukishajua habari ya stuli, ukataji unajieleza. Kisu kikianzia kileleni kitagota kwenye kadibodi. Basi kijiti kirefu huchomolewa, ghorofa ya juu hunyanyuliwa pamoja na kadibodi yake, inayofuata vivyo hivyo, na kila moja hukatwa peke yake mezani. Vijiti huhesabiwa vinapotolewa. Mwokaji makini humwambia mkataji alichomeka vingapi, kwa sababu kipande cha mrija kikisahaulika kinaweza kumkaba mtu.

Umbo la vipande nalo linashangaza. Ghorofa moja huwa na kimo cha sentimita 10 hivi. Ukigawa keki yenye kipenyo cha sentimita 25 kwa pembetatu 38, kila kipande kitakuwa na upana wa sentimita 2 ukingoni na ncha kali katikati, hakisimami. Badala yake mkataji huchora duara kwa kisu sentimita 5 kutoka ukingoni, kisha huikata pete hiyo vipande vya upana wa sentimita 2.5. Hurudia kwa pete ya ndani. Kwa njia hiyo keki hiyohiyo hutoa vipande kama 38 vinavyosimama vizuri, na ukiongeza ghorofa za sentimita 20 na 15, utapata zaidi ya 70. Katikati hubaki kiduara cha sentimita 5 cha kukatwa vipande viwili, na kama kijiti kirefu kilitumika, tundu lake utalikuta hapo.