Bomba Lililofungwa Si Bomba Tupu

Nord Stream, yale mabomba ya gesi ya Urusi yaliyopasuka chini ya Bahari ya Baltiki, ikitajwa tu, hakosekani wa kuuliza: "Kama Urusi ilikuwa imeshafunga gesi, ile iliyochemka baharini Septemba 26, 2022 ilitoka wapi?" Halafu zinaanza nadharia za njama. Jamani! Mtungi wako unaufunga usiku. Mbona asubuhi unapika?

Tupige hesabu. Nord Stream 1 ina kilomita 1,224, kutoka Vyborg, Urusi, hadi Lubmin, Ujerumani, na kipenyo cha ndani ni milimita 1,153. Kila laini, yaani kila bomba kati ya mawili yaliyolazwa sambamba, ina nafasi ya takriban mita za ujazo milioni 1.28. Nord Stream 2, inayokaribiana nayo kwa ukubwa na ambayo haikuwahi kuanza biashara, ilijazwa hadi presha ya bar 105 (bar 1 ni kama presha ya hewa ya kawaida). Zidisha nafasi kwa presha, unapata kama mita za ujazo milioni 134 za gesi ya presha ya kawaida. Kiasi kilichotangazwa ni milioni 177 kwa laini moja, na hapo wajuaji hupiga kelele. Hakuna aliyedanganya. Kwa presha hiyo na ubaridi wa Baltiki, methane, ambayo ndiyo gesi yenyewe, hubanana kuliko kanuni ya Boyle mliyokariri sekondari (presha mara mbili, ujazo nusu) inavyodai.

Valvu ziko nchi kavu, mwanzo na mwisho. Katikati hakuna hata moja, wala mtambo wa kusukuma: kazi yote ni ya kituo cha Portovaya upande wa Urusi, na bomba limesanifiwa kuhimili hadi bar 220 mwanzoni, kisha kiwango hicho kinapungua kuelekea Ujerumani. Kwa hiyo tundu moja linamwaga laini nzima. Presha ya laini ya Nord Stream 2 iliyopasuka ilishuka hadi bar 7 ikatulia, maana maji ya kina cha mita 70 hivi nayo yanasukuma kwa bar 7. Baada ya hapo maji huanza kuingia.

Zege la nje ni uzito wa kulilaza bomba chini, na epoksi ya ndani, mipako laini, ni ya kupunguza msuguano tu. Kitaalamu, laini iliyopasuka hutengenezeka: hukatwa, huungwa, hukaushwa. Mimi nina shaka na chuma kilicholowa chumvi kwa miaka.

Siasa yake ni fupi: meli ya gesi hugeuzwa njiani ikafuata mnunuzi mwingine, bomba haligeuki. Hili lilijengwa kuikwepa Ukraine na Poland. Laini moja ya Nord Stream 2 haikupasuka, uwezo wake mita za ujazo bilioni 27.5 kwa mwaka, ndiyo maana bado inatajwa kwenye mazungumzo.