Kawaii ni nini, na kwa nini keki ya Tokyo ina macho?

Katika baadhi ya migahawa ya Tokyo, ukiagiza kahawa ya maziwa, povu huja limesimama juu ya kikombe kama paka aliyejikunyata, masikio juu, macho mawili yamechorwa kwa chokoleti. Meza ya pili, mwanamume mzima mwenye tai na mkoba wa kazini anakitazama kikombe chako na kusema kwa sauti ya kuvuta: kawaiii!

Neno hilo hutafsiriwa "-a kupendeza", lakini tafsiri hiyo haitoshi. Bibi harusi anapendeza. Mlima Fuji unapendeza, na bado hakuna anayeuita kawaii. Kawaii ni kitu kidogo, cha mviringo, laini, chenye unyonge fulani unaokufanya utake kukibeba. Kiswahili hakina neno moja la hisia hiyo, ila kina kiambishi. Mtu wa Nairobi akisema "kamtoto kangu", au wa Mwanza akisema "kanyumba ketu" kwa mapenzi, ile ka- inafanya kazi ileile. Sisi tumeiweka mwanzoni mwa neno. Wajapani wana neno zima, na wamelifungulia migahawa.

Asili yake imetoka mbali na keki. Wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye usemi wa kale wenye maana ya uso kuwaka, yaani kuona haya. Kutoka haya likaja kwenye huruma, kutoka huruma likaingia mapenzi. Ndugu yake, kawaisō, bado yupo na maana yake ni "maskini!" Mtu wa pwani hatashangaa: bibi akimwangalia mjukuu aliyelala na kunong'ona "maskini mwanangu", mtoto hajapatwa na lolote. Ila chunga ulimi. Kowai maana yake ni "inatisha", na si neno la kumwambia mwenye duka kuhusu keki yake.

Wengi hudhani mambo haya yameanza na katuni. Karibu mwaka 1000, Sei Shōnagon, mwanamke wa baraza la malkia huko Kyoto, aliorodhesha vitu vinavyovuta moyo, na miongoni mwake mlikuwa na uso wa mtoto uliochorwa juu ya tikiti. Alitumia neno jingine, ambalo leo lina maana ya "-zuri" tu, lakini tunda lenye uso lilishakuwepo. Umbo la sasa lilikuja miaka ya 1970, wasichana wa shule walipoanza kuandika herufi za mviringo zenye vimioyo na vinyota, na baadhi ya walimu wakazipiga marufuku. Mwaka 1974 kampuni ya Sanrio ikamchora Hello Kitty, katuni yenye sura ya paka, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kipochi kidogo cha sarafu.

Migahawa ikafuata. Mgahawa wa paka, unaolipia muda wa kukaa nao huku ukinywa chai, haukuzaliwa Japani bali Taipei, mwaka 1998. Japani ndiko ulikoenea mno, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga haziruhusu mnyama, na mtu anayerudi usiku kwenye chumba kimoja anahitaji kumshika paka wa mtu. Halafu ipo migahawa ya wahusika wa katuni. Pokémon Café ya Nihonbashi, Tokyo, ilifunguliwa mwaka 2018, na meza huwekwa mtandaoni kuanzia siku 31 kabla. Ukifika mlangoni bila kuweka nafasi, jiandae kurudi. Mingine huishi wiki chache tu kisha hufungwa, na kila kinywaji huja na kikadi cha kuwekea glasi ambacho huchagui picha yake. Ndiyo maana unaona wasichana wanne wenye vinywaji vinane mezani.

Niseme wazi: chakula chenyewe mara nyingi ni cha kawaida. Wali wenye sura ya dubu ni wali. Unalipia uso.

Ladha ya kweli, kwa maoni yangu, iko kwenye vitamutamu vya zamani, ambavyo navyo vina nyuso. Taiyaki ni keki ya moto yenye umbo la samaki, na ndani hamna samaki hata kidogo: kuna anko, maharage madogo mekundu yaliyochemshwa na kupondwa na sukari. Aliyelelewa kwa maharage ya nazi na kitunguu, ulimi utagoma siku ya kwanza. Siku ya tatu utajikuta umepanga foleni.

Kwa msafiri Mwislamu, uliza kabla ya kuuma. Pudini na keki nyingi laini zina jelatini, na huenda ikawa ya nguruwe; nyingine hutiwa pombe kidogo. Yōkan, ile inayokatwa vipande kama halua, hugandishwa kwa mwani, ingawa si aina inayolimwa Paje na Jambiani.

Lakini kama una nafasi ya boksi moja tu kwenye begi, chukua Hiyoko, kwa Kiswahili "Kifaranga". Kilianza mwaka 1912 Iizuka, mji wa makaa ya mawe kule Fukuoka, na kikafika Tokyo miaka ya Olimpiki ya 1964. Leo wageni wengi hudhani ni cha Tokyo, na watu wa Fukuoka hawafurahii. Ni andazi dogo lililookwa, ganda jembamba la ngano, ndani maharage meupe yenye utamu. Kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake. Ukiifungua, kifaranga kinakutazama: mdomo mdogo, macho mawili yaliyochomwa kwenye ganda, hakina miguu wala mabawa. Hapo ndipo Wajapani wenyewe hubishana, uanze na kichwa au na mkia. Wa kichwa wanasema ni huruma, asione yanayomfika. Wa mkia wanasema hawawezi kumuuma mtu usoni.