Betri Iwe ya Mwisho Kununuliwa: Kuboresha Umeme wa Trela ya Kambi

Trela nyingi za kambi za Kimarekani hutengenezwa Elkhart na maeneo ya jirani, kaskazini mwa jimbo la Indiana, na karibu zote huundwa kwa kumfikiria msafiri atakayeegesha mahali penye nguzo ya umeme. Akishachomeka kebo yake ya ampea 30, hupata volti 120 za kuendeshea kiyoyozi na maikrowevu, huku kifaa kiitwacho konveta kikibadilisha sehemu ya umeme huo kuwa volti 12 za taa, pampu ya maji na feni ya hita, na wakati huohuo kikichaji betri. Katika mpangilio huo betri haina kazi kubwa, na ndiyo maana muuzaji huweka betri moja ya maji yenye ampea-saa 80 hivi (ampea-saa moja ni mkondo wa ampea moja kwa muda wa saa moja) na kuona imetosha. Shida huanza pale mwenye trela anapotaka kulala pasipo nguzo, kwa mfano kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na Bureau of Land Management, ambako mara nyingi mtu huruhusiwa kupiga kambi hadi siku 14 mahali pamoja, au kwenye jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako maelfu ya wasafiri hukusanyika kila majira ya baridi.

Mimi ni fundi wa umeme wa trela hizi, na kwa kila anayetaka kuifanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe ninasisitiza jambo moja: betri iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo inayotangazwa. Lakini betri ya lithiamu ikiwekwa mahali pa betri ya maji bila kugusa waya, konveta na fyuzi, itajaa nusunusu, itakataa kuchajiwa asubuhi ya baridi, na ikipata shoti itatoa mkondo ambao vifaa vya ulinzi vilivyokuwapo havikuundwa kuuzuia.

Anza na karatasi. Chukua siku ya Januari huko Quartzsite, pakiwa na watu wanne ndani. Feni ya hita ya gesi huvuta ampea 7 hivi, na usiku wa jangwani hufikisha kwa urahisi jumla ya saa 6 za kuzunguka, yaani ampea-saa 42. Friji la kompresa la volti 12, linalovuta wastani wa ampea 5 na kufanya kazi nusu ya siku, huongeza 60. Taa ni 8, pampu ya maji 2, simu na kompyuta 15. Kuna pia matumizi ambayo watu huyasahau: kipima gesi, redio iliyozimwa kwa rimoti na mbao za elektroniki (bodi za saketi) zisizolala, ambazo kwa pamoja hula karibu ampea 1 kila saa, na hivyo 24 kwa siku. Jumla ni ampea-saa 151. Betri ya maji haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ile ya kiwandani ina ampea-saa 40 tu za kutumika, na hita itazimika kabla ya alfajiri.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata, na mara nyingine huamua kwamba huhitaji kununua kitu kikubwa. Mwenye trela ya zamani yenye friji linaloendeshwa kwa gesi, lile linalotumia mbinu iliyobuniwa na Wasweden Baltzar von Platen na Carl Munters mwaka 1922, tayari ameondolewa zile ampea-saa 60. Akibadilisha balbu za zamani, ambazo kila moja huvuta ampea 1.5 hivi, akaweka za LED, atakuwa amepata faida kubwa kwa pesa ndogo na kazi ya jioni moja.

Baada ya matumizi huja waya, na hapa ninaomba subira ya msomaji kwa sababu ndipo kazi nyingi za kujifanyia zinapoharibika. Watu hudhani kwamba gari linapovuta trela, alteneta hujaza betri ya trela njiani. Hujaza, lakini kidogo sana. Waya wa kuchajia unaopitia kwenye plagi ya pini saba kwa kawaida ni wa geji 10 au 12 (namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi). Tuseme ni wa geji 10, wenye milimita za mraba 5.3, na umbali kutoka betri ya gari hadi ya trela ni mita 9, yaani mita 18 kwenda na kurudi. Ukinzani wa shaba yote hiyo ni karibu omu 0.06, kwa hiyo ukitaka kupitisha ampea 20 utapoteza volti 1.2 njiani. Alteneta inayotoa volti 14.2 itafikisha volti 13.0, ilhali betri ya lithiamu iliyopumzika ikiwa imejaa kiasi cha kutosha husimama karibu na volti 13.2 au 13.3. Ampea 20 haziwezi kupanda mlima huo; zitakazopita ni chache zaidi, nazo huzidi kupungua kadiri betri inavyojaa.

Dawa yake ni chaja ya DC kwa DC, inayofungwa karibu na betri ya trela. Kifaa hiki hupokea volti pungufu, huzipandisha hadi kiwango betri inachotaka, na huweka mpaka wa mkondo ili alteneta na waya visizidiwe. Hata hivyo, ili kutoa ampea 20 upande wa betri, chaja huvuta zaidi ya hizo upande wa gari, hivyo ni lazima uangalie kwanza fyuzi ya njia ile ni ya ampea ngapi na waya unastahimili kiasi gani. Kwa mtu anayesafiri sana, mimi hupendelea kuvuta njia mpya ya waya wa geji 6 yenye fyuzi yake kwenye betri ya gari, kwa sababu upotevu hushuka hadi karibu nusu volti na chaja hufanya kazi bila kuhangaika.

Konveta nayo huhitaji kuchunguzwa kwa mita kabla ya kuaminiwa. Nyingi za zamani hutoa volti 13.6 tu wakati wote. Volti hizo huitosha betri ya maji kubaki imejaa, lakini lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo ndiyo inayotumika kwenye trela, hutaka volti 14.2 hadi 14.6 ili ijae na ili seli zake nne zisawazishwe na saketi ya ulinzi iliyomo ndani. Kubadilisha konveta si kazi ngumu kwa mwenye uzoefu wa umeme wa nyumbani. Ugumu uko katika kukumbuka kuzima volti 120 na kutenganisha betri kabla ya kufungua paneli.

Kuhusu baridi siwezi kulegeza maneno. Betri hizi hutoa umeme bila shida hata chini ya sifuri, lakini kuzichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi husababisha lithiamu kuganda kama metali juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Nunua betri ambayo saketi yake hukata chaji kwenye baridi, na uifunge ndani ya trela, chini ya kitanda au kwenye stoo ya mbele, mahali panapopata joto. Betri ya maji iliwekwa nje kwa sababu hutoa hidrojeni inapochajiwa. Lithiamu haina sababu hiyo. Funga pia kipimo chenye shanti (kipande cha ukinzani mdogo kinachopimia mkondo unaoingia na kutoka) kwenye njia ya hasi, kwa maana volti za lithiamu hubaki karibu palepale kutoka ikiwa imejaa hadi inapokaribia kwisha, na zile taa nne za kiwandani za kuonyesha chaji zitakuambia imejaa mpaka dakika ya mwisho.

Sola watu wetu wengi wanaifahamu tangu nyumbani, na anayejua kufunga paneli juu ya bati Dodoma au Machakos hatashangazwa na kontrola wala na nyaya. Kinachobadilika ni paa na jua. Paneli za wati 400 zilizolala bapa juu ya trela kusini mwa Arizona mwezi Januari hupata mwanga unaolingana na saa 3 hivi za jua kali, na baada ya kuondoa upotevu hubaki ampea-saa 70 kwa siku. Rudi kwenye ile hesabu ya 151 uone pengo. Ama uongeze paneli, ama uinamishe zilizopo zielekee kusini, ama uwashe jenereta kwa saa 2 ili konveta ya ampea 45 ijaze kilichobaki. Mwezi Juni paneli hizohizo hupata zaidi ya mara mbili ya mwanga huo.

Paa lenyewe mara nyingi ni utando wa mpira wa EPDM au wa plastiki ya TPO uliogundishwa juu ya ubao mwembamba. Skrubu za paneli zitafute boriti, na kila tundu liwekewe utepe wa butili chini ya mguu wa paneli, kisha gundi ya paa inayojisambaza juu yake. Silikoni ya dukani usiitumie kabisa, kwa kuwa ikishakauka hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake utakapohitaji kuziba upya, na viyeyusho vya petroli huharibu EPDM. Maji yakipenya kwenye tundu moja huozesha mbao kwa miezi kabla ya doa kuonekana darini, na gharama yake hupita ya mfumo mzima wa sola. Kwenye trela yenye friji la gesi, waya unaweza kuteremka kupitia tundu la kutolea hewa ya friji, na hivyo ukaepuka kutoboa paa kwa ajili yake.

Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa volti 120, ninaishauri kwa kiasi. Ile ya wati 2,000 ikifanya kazi kikamilifu huvuta karibu ampea 175 kutoka kwenye betri, mkondo unaohitaji kebo fupi za geji 2/0, takriban milimita za mraba 67, zenye ncha zilizobanwa kwa mashine ya haidroliki. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na iwe ya daraja T, inayoweza kukata shoti ya hadi ampea 20,000. Fyuzi ya ANL iliyozoeleka kwenye redio za magari huishia ampea 6,000, na betri kadhaa za lithiamu zilizounganishwa zinaweza kupita hapo. Inveta isiunganishwe kwenye paneli ya volti 120 bila swichi ya kubadilisha chanzo, na konveta izimwe inveta inapofanya kazi, la sivyo betri itaiendesha inveta, inveta iiendeshe konveta, nayo konveta iichaji betri ileile, huku umeme ukigeuka joto bure. Na anayetaka inveta kwa ajili ya kiyoyozi ajue kwamba kile cha kawaida cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kwa wati 1,500 hivi, humaliza ampea-saa 200 ndani ya saa moja na nusu.

Kabla ya kufungua waya wowote, zingatia rangi. Katika volti 12 za trela za Kimarekani, waya mweupe kwa kawaida ndio hasi na mweusi ndio chanya. Fundi aliyejifunza kwenye magari, ambako nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, anaweza kuunguza mbao zote za elektroniki za trela kwa kuunganisha kwa mazoea. Pima kwa mita kwanza, kisha andika alama.

Mara nyingi betri inapohamishwa kutoka mbele kwenda ndani, swichi ya breki ya dharura husahaulika. Hii ndiyo swichi yenye kamba inayofungwa kwenye gari: trela ikichomoka barabarani, kamba huvuta pini, na betri ya trela hupeleka umeme moja kwa moja kwenye breki za magurudumu. Majimbo mengi huitaka kisheria, mara nyingi kwa trela zinazozidi kilo 1,360. Waya wake lazima ufike kwenye betri mpya kupitia fyuzi yake, na uunganishwe kabla ya swichi kuu ya kukata umeme, ili kuzima swichi kuu kusizime breki. Trela ya ekseli mbili ina sumaku nne za breki, na kwa pamoja huvuta karibu ampea 12, hivyo waya usiwe mwembamba. Ijaribu trela ikiwa imechomolewa kwenye gari na magurudumu yamewekewa vigingi: vuta pini, usikilize breki zikinguruma, uirudishe mara moja ili sumaku zisipate joto.

Kilichobaki ni uzito, ambao mafundi wengi wa umeme hawaushughulikii. Trela inayovutwa kwa mpira wa chuma ulio nyuma ya gari inapaswa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. Ikipungua chini ya hapo huanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu. Fikiria trela ya kilo 2,700 iliyokuwa ikiegemeza kilo 300 mbele, kiwango kilicho salama. Ukiondoa betri mbili za maji za volti 6 zilizokuwa shingoni, yaani sehemu ya mbele ya trela inayoungana na gari, ambazo kwa pamoja hukaribia kilo 56, kisha ukaweka lithiamu za kilo 25 chini ya kitanda cha nyuma, uzito wa mbele hushuka hadi kilo 240 hivi, na trela yako sasa iko kwenye asilimia 9 ingawa kwa jumla imekuwa nyepesi. Kwa hiyo, pakiwa na nafasi, lithiamu zifungwe mbele ya ekseli. Ukimaliza kazi yote, jaza maji na mizigo kama unavyosafiri, upite kwenye mizani ya vituo vya malori. Pima gari na trela vikiwa vimeungana, ekseli za gari zikiwa kwenye bamba zao na za trela kwenye bamba lake, kisha pima gari peke yake. Tofauti ya uzito wa gari katika vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaoegemea mbele. Ukiujumlisha na uzito wa ekseli za trela utapata uzito wa trela nzima, ambao unaulinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji kilicho ubavuni mwa trela.